Pampu ya Ghorofa ya Nne na Maombi ya Baba Mkwe

Kicheko chenu kiwekeni kwanza nimalize, maana hili nikilikumbuka bado natazama chini, na mke wangu akitaka kuninyamazisha wala hagombani, anasema tu "Amina."

Nyuma ya nyumba yetu hapa Moshono tulikuwa na tangi la sato, na juu yake kitalu cha kokoto chenye mchicha na figiri: pampu inapandisha maji machafu ya samaki, mboga zinayachuja, kisha yanarudi tangini kwa bomba dogo. Mama Neema, mke wangu, ndiye aliyewalea wale samaki tangu wakiwa wadogo kama kucha, na baba yake alikuwa ameahidi kuja kuwaona, akiridhika ampe kipande cha shamba kando ya mfereji kule mlimani apanue mradi. Wiki hiyohiyo pampu ikafa.

"Baba Neema, chukua ndogo kama ileile," akaniambia.

Mimi nikafika dukani, nikaona zile ndogo zinaenea kiganjani, nikasema hapana, siwezi kumwonyesha mzee kitu cha kuchezea watoto (mzee wa kanisa yule, tangu siku ya posa hajawahi kunisifia chochote), nikabeba ya hosipawa moja, ile ya kupandisha maji ghorofa ya nne. Kitalu chetu kiko usawa wa kifua!

Na sikuijaribu. Nilisubiri mpaka baba mkwe amekaa kwenye kiti chake ndipo nikawasha, maji yakaruka kwa kishindo, mzee akasema "Aisee!" nami kichwa kikavimba. Mke wangu yuko jikoni na pilau. Mzee akavua kofia akasema, "Tuombe."

Alianza na mvua, akaja kwa mifugo, akaingia kwa wagonjwa, na mimi nimefumba macho nasikia maji yanamwagika kutoka kitaluni, kwa sababu lile bomba dogo lilikuwa limezidiwa, yaani tangi linakauka, maji hayarudi. Swichi iko ukutani nyuma ya mzee. Niinuke nimpite baba mkwe akiwa anaongea na Mungu? Maji yakaingia kwenye viatu vyangu, pampu ikaanza kukoroma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, nikasikia samaki wanapigapiga mikia kwenye sakafu ya tangi, na mzee ndiyo kwanza anawaombea walio safarini.

"Samaki wangu!" Mke wangu alitupa mwiko, akachomoa waya, akaingia tangini na gauni lake la kitenge. Tuliokoa wachache kwa beseni na ndoo. Wengi walikufa, na yeye akakaa chini kwenye tope akalia.

"Kwa nini hukuizima?" mzee akauliza.

"Ulikuwa unaomba, baba."

Akanitazama. "Mimi maji niliyaona tangu yaliponifikia miguuni. Nikakuchungulia, nikakuona umetulia, nikajua ndivyo mtambo wenyewe ulivyo. Nikaendelea kuomba nikisubiri uuzime."

Kisha akamgeukia binti yake. "Shamba nitakupa, mama. Lakini pampu ukanunue wewe."

Tangu siku hiyo dukani siendi, na mtu akisema tuombe, nafumba jicho moja.