Dirisha la Baba Mkwe

Wageni wakifika katika mji wetu mdogo huku vilimani Nyamira, huuliza kwa nini maduka ya zamani yana madirisha makubwa hivyo upande wa veranda. Wengine hudhani tulipenda hewa. Hewa gani, na baridi ya huku inavyouma mpaka mifupa? Madirisha yale ni ya wazee, na la kwanza nililitoboa mimi kwa panga.

Nilipoolewa, haukuwa mji bado. Palikuwa na mikaratusi, kinu cha maji kule bondeni, duka moja la Mhindi, na uwanja ambapo sisi wanawake tuliuza wimbi na ndizi siku za soko, nao wachuuzi wa ziwani wakatuletea samaki wakavu. Kisha wanaume wakarudi kutoka vita vya Wazungu. Wakagawiwa ploti kando ya barabara, na kila mmoja akajenga vile vile: duka mbele, chumba cha kulala nyuma. Ukikosa kiberiti Jumamosi unanunua kwa Mkatoliki, Jumapili kwa Msabato, na sikumbuki mtu aliyelala njaa kwa sababu ya dini. Ugomvi wetu ulikuwa wa mipaka ya mashamba. Huo ndio tuliowarithisha wajukuu.

Mume wangu alikuwa mmoja wa hao waliorudi. Mabati ya duka lake yalitokana na fahali mwekundu wa baba yake, fahali ambaye mzee alimpenda hata akamwimbia malishoni. Alimtoa auzwe bila kunung'unika. Lakini wazee wenzake walimcheka: fahali mzima amegeuka bati, na chini ya bati kuna nini? Hata yeye hakujua, kwa sababu hakuwahi kuingia.

Na asingeingia. Kwetu Abagusii, baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, na haina mchezo. Nyuma ya ukuta mwembamba wa duka palikuwa na kitanda changu, basi duka zima likahesabiwa kuwa nyumba yangu. Siku za soko mzee alisimama verandani, ameupa mlango mgongo, mvua ikimrashia miguu, akaagiza chumvi kwa sauti kama anayeongea na barabara. Wachuuzi wa samaki walidhani amekosana na mwanawe. Mimi nilikuwa nikijivunia sana kitanda kile cha mbao chini ya mabati. Sasa nikakionea aibu.

Siku moja mama mkwe aliingia, maana yeye hakukatazwa, akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Macho ya mzee yanafifia," akaniambia. "Jana ameusalimia mti."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona uso wake.

"Anataka tu kuona fahali wake alikwenda wapi," akasema. "Kabla giza halijamfika."

"Mama, nitahamisha kitanda. Tutajenga kibanda kule migombani, tulale huko."

"Nyumba ikishalaliwa ni nyumba, mwanangu. Hata ukikichoma hicho kitanda."

Nikamwomba mume wangu atoboe ukuta wa mbele, aweke dirisha pana, mzee atazame akiwa nje. Miguu ina mipaka yake, lakini macho hayana pazia. Akasema wezi wataingia. Nikangoja wiki ya kwanza, nikangoja ya pili. Kila nikimkumbusha, ni wezi tu.

"Mwizi anaweza kuingia humu," nikamwambia mwishowe. "Baba yako hawezi. Na bado wewe unamfikiria mwizi!"

Alipokwenda Kisii kuchukua sukari, nilishika panga. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito tu, umepakwa chokaa. Watu wakajaa barabarani, mmoja akatangaza kwamba mke wa askari amerukwa na akili. Mume wangu aliporudi alikuta tundu ambalo ndama angepita, na mimi mweupe kwa vumbi la chokaa. Alinitazama, akatazama tundu, akatua gunia lake, akaenda kumwita seremala. Sijui kama nilipata kumpenda kama siku ile.

Siku ya soko mzee akaja. Haikufaa anikute humo ndani, kwa hiyo nilitokea nyuma nikasimama migombani, masikio yamenisimama. Nikasikia mbao za dirisha zikifunguliwa. Nikaogopa kwamba tumechelewa.

"Ile nyekundu ni nini?" mzee akauliza.

"Blanketi, Tata," mume wangu akamjibu baba yake.

"Na zile?"

"Sabuni. Viberiti. Hiki hapa ni kitambaa cha marekani."

Kisha akawaita wale wazee wenzake waje waone.

"Fahali wangu amenona," akawaambia.

Nililia pale migombani bila haya. Mwaka haukuisha kabla majirani nao hawajamtafuta yule seremala, kwa maana kila duka lilikuwa na mzee wake aliyesimama nje.

Macho ya baba mkwe yalizimika kabisa kabla ya mavuno ya wimbi. Hata hivyo aliendelea kuja, akipapasa njia kwa fimbo. Mkamwana hamshiki baba mkwe mkono wala hapigi naye soga, lakini kwa kuwa sasa hakuniona tena, nilibaki ndani nikawa naweka kitu kimoja kwenye ukingo wa dirisha, narudi nyuma. Ananyoosha mkono, anakishika, anakigeuza.

"Sabuni."

"Ndiyo, Tata."

Akishaondoa mkono, naweka kingine.

"Kiberiti."

"Ndiyo, Tata."

Hivyo ndivyo tulivyolizunguka duka lote, rafu baada ya rafu, na miguu yake haikuvuka kizingiti.