Waliokuwa Wakisafisha Bunduki

Hakuna Msambaa mwenye akili zake anayesafisha gobore likiwa na baruti ndani. Dorkasi alilijua hilo tangu utoto. Hata hivyo, katika daftari la vifo la zahanati alikofanya kazi, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika mara saba: amekufa kwa ajali akisafisha bunduki. Mstari wa nne ulikuwa wa mumewe, Timotheo.

Kijijini kila mtu aliyaelewa maneno hayo. Aliyejiua haimbiwi, hapigiwi kengele, na kaburi lake huchimbwa pembeni kama la mwizi. Basi ndugu wakasema alikuwa akisafisha, Dorkasi akaandika akisafisha, wazee wa kanisa wakakubali akisafisha, na marehemu akazikwa kwa heshima zake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa wetu, hata kifo chenyewe walikificha. Dorkasi hakuwahi kuujutia uongo ule mpaka mwaka sabini na tano, alipokuja Bwana Takwimu.

Jina hilo alipewa na kina mama. Alikuwa kijana wa mkoani, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na alikuja na karatasi kubwa ya nchi za Ulaya akaibandika ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Uswisi, Ufini, Uingereza, Ufaransa, kila moja na watu wake wanaokufa kwa bunduki kwa mwaka, katika kila watu laki moja. Vifo viligawanywa mafungu matatu: waliouawa, waliojiua, waliopatwa na ajali.

"Ndugu wananchi," alisema, "tazameni hapa kwenye kujiua. Uswisi wamejaa! Ufini wamejaa! Mzungu ana gari, ana nyumba ya ghorofa, lakini hana jirani. Sasa tazameni kata yenu. Kujiua, sifuri! Huo ndio ujamaa!"

Watu wakapiga makofi. Mtu akilitamka neno ujamaa kwa sauti ile, utafanya nini?

"Lakini ajali!" Akatikisa kichwa. "Watu saba kwa miaka minne, kwenye kata ya watu elfu sita! Hakuna nchi ya Ulaya inayowafikia hata nusu. Ninyi ni wazembe, ndugu zangu. Kuanzia Alhamisi, kila mwenye gobore atafundishwa kulisafisha, na atapewa chupa ya mafuta."

Akaanza kuandika majina ya wanafunzi. Wa kwanza alikuwa Nathanaeli, mdogo wake Dorkasi.

Tangu Jenoveva, mke wa Nathanaeli, alipofariki wakati wa masika, mdogo wake huyo hakugusa shamba. Juzi alimpa jirani jembe lake zuri bila kuombwa. Dorkasi alikwenda mara mbili kumwomba gobore la baba yao, na mara zote mbili alijibiwa kwamba nguruwe pori wanamaliza mahindi. Mahindi yapi? Mwaka ule Nathanaeli hakupanda hata punje moja. Na sasa serikali inamletea mafuta!

Akasimama. "Daftari la vifo nililiandika mimi," alisema, "na niliandika uongo. Timotheo hakuwa akisafisha bunduki."

Mama mkwe wake akajifunika uso kwa kanga.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Takwimu, akiitazama karatasi yake badala ya kumtazama yeye. "Ila hesabu imeshapigwa chapa, imeshakwenda mkoani. Na tukianza kubadilisha sasa, si tutaonekana kama Ufini?"

Mtu mmoja akacheka.

"Basi tuonekane kama Ufini!" Dorkasi alifoka. "Wao angalau wameandika! Nani alimwuliza Timotheo ana nini? Hata mimi niliyelala naye sikumwuliza!"

Mwenyekiti akasema hoja ya mama imesikika, tuendelee na ajenda ya mbolea. Dorkasi akatoka. Alishuka njia ya mtoni akilia kwa hasira, akijilaumu kwamba amemvua nguo marehemu mbele ya kijiji kizima na hakuna kilichobadilika.

Akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa Nathanaeli.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wakatembea hadi kwenye daraja la miti.

"Dada, shemeji siku zile alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa hasemi," alijibu Dorkasi. "Alikuwa anaitikia salamu tu. Kama wewe."

Nathanaeli akasimama, akashika ubao wa daraja kwa mikono miwili.

"Twende nyumbani," alisema mwishowe. "Ukalichukue lile gobore."