Mkono wa Pikapu Ndani ya Beseni la Sambaza

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata spana. Chefu wa atolie, yaani mkuu wa mafundi katika garaji yetu pale Mbugangari, alinilaza chini ya lori la viazi akaniambia niguse kila raba niliyoiona, kisha nimtajie hali yake: hii nzima, hii imepasuka, hii imekwisha kabisa. Nililala pale mpaka adhuhuri. Nilipotoka, shingo imekakamaa, akaniuliza ngapi mbovu. Nikasema sita. Akasema ni tisa, rudi chini. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya miguu ya magari, na sikuiacha mpaka magoti yangu mwenyewe yalipogoma.

Nikisema miguu, vijana, nina maana ya vile vyote vinavyolibeba gari juu ya magurudumu. Kuna springi inayopokea kishindo. Kuna amortiseri, ile pampu inayoituliza springi isirukeruke. Na kuna silambloku, raba iliyobanwa ndani ya bomba la chuma ili chuma kisisagane na chuma. Hiyo ndiyo iliyotupa ugali. Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na silambloku haipendi mawe.

Chefu alikuwa mtu wa sheria mbili. Ya kwanza, gari likishapanda juu ya kiriki, yaani jeki, halishuki mpaka kila bolti imekazwa. Ya pili, mteja haambiwi kitu anachoweza kufanya mwenyewe nyumbani. Alikuwa akisema, bon, mutu akijua kufungua, atakuja kufanya nini huku? Tulizishika zote mbili bila kuuliza.

Mwaka wa tatu nikakabidhiwa miguu peke yangu. Kichwa kikavimba, sitaficha. Nilikuwa nimeshapeleka posa kwa kina Zaituni, na baba yake alikuwa ameuliza jambo moja tu: huyo kijana ana kazi ya kueleweka? Wazee wangu wakajibu kwa mbwembwe kwamba ni fundi wa miguu ya magari. Loo! Posa haijajibiwa, magari yakaanza kurudi, na safari hii lawama ni yangu. Silambloku mpya, miezi minne tu, raba imechanika. La kwanza nikalaumu barabara. La pili nikamlaumu dereva. La tatu likanikosesha wa kulaumu. Chefu akanitangazia mbele ya wenzangu kwamba likirudi la nne, nitarudi kuosha vyuma kwa mazutu, yaani dizeli, na kazi yangu atapewa mwingine. Niliogopa, wallahi. Mwosha vyuma angemwambia nini baba yake Zaituni?

Siku hizohizo kulikuwa na Mama Furaha, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alikuwa na pikapu kuukuu, lakini garaji hakuileta hata siku moja. Alileta mkono wa pikapu peke yake, kile chuma kinacholishika gurudumu, akiwa ameubeba kichwani ndani ya beseni la samaki. Alitaka tumtolee silambloku ya zamani na kumwingizia mpya kwa presi, ile mashine ya kukandamiza, maana hakuwa nayo. Kisha anajitwika beseni lake, huyoo, anakwenda kuufunga nyumbani. Chefu alikuwa akichukia kweli. Alimwambia garaji siyo hospitali, mtu hawezi kulaza mguu wodini mwenyewe akabaki sokoni. Mama Furaha akamjibu kwa upole kwamba mguu ndio unaouma, mwenyewe ni mzima. Tulicheka hadi Chefu akatutawanya.

Lakini mimi kicheko kiliniishia haraka. Raba nilizomtilia zilitoka sanduku lilelile la zangu, na presi ni ileile. Zangu zilichanika kwa miezi minne. Zake zilivuka misimu miwili ya mvua. Nikajiuliza huyu mama anazisomea nini. Jumapili moja nikameza kiburi, nikaenda kwake, upande wa Rubavu.

Nilimkuta ndani ya shimo alilolichimbisha uani, pikapu imesimama juu yake kwa magurudumu yote manne, na makreti ya samaki yamepakiwa nyuma. Alikuwa ameshaurudisha mkono na gurudumu, bolti akiwa amezishika kidogo tu kwa vidole. Sasa ndiyo kwanza anakaza. Nikamwambia wazi kwamba zangu zinachanika, na nikikosea tena nimekwisha. Hakunicheka. Alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Munapandisha gari, miguu inaning'inia, na munakaza raba vilevile," akasema. "Gari ikishuka, raba inabaki imejinyonga muchana na usiku. We fundi, wakikufunga shingo ikiwa imegeuka, utadumu miezi ngapi?"

Nilikaa kitako palepale. Miaka mitatu nilikuwa nikizinyonga raba za watu kwa mikono yangu, tena kwa bidii! Halafu furaha ikanijaa, kwa sababu kosa nililolijua ningeweza kulirekebisha.

Nikiwa bado nacheka peke yangu, nikaona waya mnene umening'inizwa ukutani. Akanieleza kwamba kazi inayofuata ni amortiseri za mbele, naye ataibana springi kwa ule waya ili aitoe. Kicheko kikakauka. Nikamweleza kwamba springi ya mbele imebanwa kwa nguvu ya kubeba gari, na waya ukikatika itaruka na taya lake. Garaji tuna chombo cha kuibana taratibu kwa skrubu. Akanitazama kama anapima kilo za samaki.

"Donc niambie kweli," akasema. "Ipi nifanye mi mwenyewe, na ipi nilete kwenu?"

Nikaikumbuka sheria ya pili ya Chefu. Lakini huyu mama alikuwa ametoka kuniokoa, na ningemdanganyaje? Nikamwambia yote. Mkono, silambloku, bolti za lame, zile springi bapa za nyuma, hizo fanya mwenyewe, na unazifanya kuliko sisi. Springi ya mbele lete. Rotili, ile nyonga ya gurudumu, lete, kwa sababu ikichomoka kwenye mteremko gurudumu linakwenda zake. Kupima unyoofu wa magurudumu, lete. Akauteremsha ule waya na kunipa niende nao.

Jumatatu nikashusha gari la mteja kabla ya kukaza, nikalisogeza juu ya shimo letu la kumwagia mafuta. Chefu akaja mbio kuuliza nani ameniruhusu. Hapo ndipo nilipoona ubaya wenyewe: aliyenifundisha kukaza gari likiwa hewani ni yeye. Kusema kweli ni kumwambia mkubwa wangu kwamba muuza sambaza anamzidi. Nikasema hivyohivyo, na lile la kumfundisha mteja nikaliongeza. Wenzangu wote wakaacha kugonga.

Chefu aliagiza gari jingine lililokazwa hewani lisogezwe juu ya shimo, akashuka mwenyewe, akalegeza bolti moja, na raba ikajirudi mbele ya macho yake. Alipopanda, alituita sote.

"Huyu Rama sikumufundisha muzuri," akasema. "Kosa iko yangu. Kuanzia leo tunakaza chini."

Gari la nne halikurudi. Mama Furaha ndiye aliyerudi, na pikapu nzima, kwa ajili ya springi, na nyuma yake wauza samaki wawili na magari yao, kwa kuwa alikuwa amewaambia kuna fundi asiyedanganya. Baba yake Zaituni akakubali posa kabla ya mvua kuanza.

Baadaye nilihamia Nyundo, kwenye magari ya mapadri, chini ya Padri Ekonomu, mtunza mali wao, aliyetaka kila kitu kifanywe kwa sala na grisi kidogo. Kisha nikaenda kwenye ushirika wa mabasi, chini ya Meneja aliyerudi kutoka Uganda, ambaye kila asubuhi aliuliza kama kazi imekwisha kabla haijaanza. Kote huko nilikaza chini, na kila mteja nilimwambia kweli. Nilistaafu mwaka juzi. Nina ua mdogo, shimo moja, na watu hawaishi kubisha hodi kuniuliza wafanye wenyewe au wapeleke garaji. Huwa nawauliza swali moja tu: kikiharibika mikononi mwako, kitaumiza mfuko au kitaumiza mtu?

Mwezi uliopita gari dogo lilisimama mlangoni. Akashuka mzee, taratibu, na fimbo. Chefu! Tulikumbatiana mpaka kofia yake ikadondoka. Akaniambia mguu wa nyuma unalia, nikalisogeza gari juu ya shimo, nikaingia nikautazama. Ilikuwa silambloku tu.

"Rama," akaniuliza, macho yakikwepa kidogo, "hii nifanye mi mwenyewe, ao nikuachie?"

Nikampa spana. "Hii, Chefu, fanya mwenyewe."

Akaiweka fimbo chini, akanishika bega, tukashuka shimoni pamoja.