Mlinzi Alimwona Naisenya Akipita

Jioni aliyokufa Naisenya, mlinzi wa kumsindikiza alikuwa amekaa getini, anamtazama akipita.

Mimi napika kwenye chuo kimoja huku Karatu, upande wa msituni. Shule niliishia darasa la tano. Si muongeaji, ndiyo maana naandika.

Chuoni kuna utaratibu. Giza likikaribia, mwanafunzi anayelala nje ya chuo anamwambia mlinzi, anapelekwa mpaka mlangoni kwake. Bure kabisa. Huku nyati wanashuka mashambani, na vibaka nao wapo.

Wanafunzi wengi hawajui. Naisenya alijua, nilimwambia mwenyewe.

"Hosiana, unanitakia laana?" Alicheka, anachovya chapati kwenye chai yangu. "Huyo mlinzi, mzee Koinet, ni rika la baba. Yule ni baba yangu! Nimwambie baba, inuka unipeleke?"

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kwenu Rhotia labda. Kwetu Nainokanoka baba hatumwi, shoga."

Mimi Mwiraqw, mila za Wamasai sizijui.

Jioni ile ukungu ulishuka mapema. Nilikuwa nje nasuuza masufuria. Naisenya alifika getini, akainamisha kichwa kama desturi yao, mzee akamgusa utosini.

Akaenda zake. Peke yake.

Nyati alikuwa kwenye mahindi, kando ya njia.

Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Baba yake alikuja kuchukua mwili. Mzee Koinet akamsogelea.

"Nilimwona," alisema. "Nikasubiri aniombe. Binti mkubwa, nikimfuata gizani bila kuitwa, watu watasema nini?"

Yule baba akamgeukia. Kisha akaongea kwa Kiswahili, sote tukasikia.

"Arusha mjini kuna vyuo tele, Koinet. Nilimleta hapa kwa sababu wewe uko getini."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni baba yake. Nikuambie nini?"

Jamani. Wote watatu walikuwa wanaheshimiana.

Sasa hivi mzee Koinet hasubiri kuitwa. Jioni anasimama mlangoni mwa darasa: "Mwanangu, twende." Wengine wanamcheka, ila wanaenda.

Wadada mlioko vyuoni, ulizeni nani anasindikiza hapo kwenu. Halafu mwiteni, hata kama ni mzee wa heshima zake. Kumwomba si kumtuma. Na nyie wazazi, semeni mnachotaka, watu hawawezi kukisia.

Aibu naijua kuliko nyie. Juzi nilienda getini kuomba kusindikizwa kwa mara ya kwanza, nikaanzia kwenye salamu.

Mzee alishaanza kuinuka.