Enspekteri wa Sauti Mbili

Niseme aibu kwanza kusudi ipite: kwa papa ya fianse wangu, binti mwenye nataka kuoa, kule Himbi, kikombe cha chai mu mukono, nilisema enspekteri wa serii moja ya televizyo hakuua mutu. Aliyeua ni pacha yake.

Enspekteri hana pacha.

Na nilikuwa nimejitayarisha, ndiyo inaniumaka. Fianse aliniambia: "Papa anapenda sana ile serii ya polisi wa inchi mbili. Ukijua kuiongelea, atakupokea. Ukikaa tu kimya, sijui kama ataacha wazee wenu wakuje kuniomba." Basi mimi, mutu mwenye aliachia masomo mu troaziemu, mwaka wa tatu wa sekonderi, nikaanza kusoma televizyo. Epizode saba niliziangalia kwa rafiki yangu mwenye kunyoaka watu Ndosho, ku kiti cha wateja, mpaka wateja wakachoka kunisimamisha.

Serii ni hivi: maiti moja, polisi wa inchi mbili. Enspekteri akiongea Kifaransa, ana sauti nzito kama ya padri. Akiongea Kingereza na wale polisi wa inchi ingine, televizyo inafunika Kingereza yake na Kifaransa ya mutu mwingine, sauti nyembamba ya mutu mwenye mafua. Sasa mimi ningejua namna gani? Hapa kwetu mutu anaanza bei mu Kiswahili, anakasirika mu Kifaransa, anakusengenya mu Kinande, na sauti inabakia ileile. Nikasema: hawa ni wawili. Na ule wa mafua, niliona tu macho yake si mazuri.

Muzee aliweka kikombe chini pole pole.

"Pacha gani, mwanangu?"

"Ule wa sauti ndogo, Papa. Wanavaaka koti moja kusudi watu wasijue."

Fianse aliangalia ukuta. Mama yake akakimbilia jikoni, nikasikia sufuria inaanguka, kisha kicheko.

Muzee hakucheka. Alinielezea mambo ya kuweka sauti juu ya sauti, mara mbili. Nilikuwa natikisa kichwa, lakini mpaka leo sielewi: kama ni mutu mumoja, juu ya nini alilia bibi yake wa ndoa na sauti moja, akamuzika na ingine? Nikauliza. Muzee akakuna ndevu.

"Rudia hapa dimanshi, kisha misa," akasema. "Tutaiangalia pamoja."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Ku mulango fianse aliniambia tu "enda sasa", mukono ku kinywa, na sikujua kama anacheka ao analia.

Maoni yangu ya kweli: serii ni nzuri, lakini wangeandika pale chini, "huyu ni uleule."

Nilitoka Himbi mpaka Ndosho kwa miguu, namna kichwa kilikuwa kimechanganyikiwa sikukumbuka hata kusimamisha moto, pikipiki ya kubeba watu. Nikaelezea rafiki yangu yote. Aliacha muteja nusu kichwa, akacheka mpaka muteja naye akaanza. Kisha akapanguza macho na ile taulo ya watu wote.

"Dimanshi enda," akaniambia. "Akikuuliza nani aliua, ujibu: Papa, mimi niko nyuma yako, ule unasema ni yeye. Kule hauende kutafuta muuaji, wewe. Unatafuta bibi."