Vipande Vitatu vya Nyama Ukutani

Kwa siku nne mfululizo mwezi uliopita, harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilininyima usingizi, ingawa katika nyumba ninayopanga hapa Kinoru hapakuwa na mtu aliyekuwa akipika. Harufu ile ilitoka kwenye ujumbe wa simu. Aliyeutuma ni Tata Karimi, dada mkubwa wa mama. Kwa Kimeru, dada wa mama huitwa tata. Ana hoteli ndogo Ruiri, karibu na uwanja wa mifugo. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Kendi, ukuta nimeupaka chokaa upya. Njoo uchore chakula kabla ya siku ya soko. Usipokuja, kijana wa mabango ataniletea plastiki yenye picha za mtandao." Mtu mwingine angejibu ndiyo au la, akalala. Mimi nilichukua karatasi nikaigawa mara mbili, upande mmoja sababu za kwenda na upande wa pili sababu za kukaa, kisha nikaanza kuhofia kwamba pande zenyewe hazikuwa sawa. Nina digrii ya takwimu na sina kazi. Je, watu wa Ruiri watasema nilisoma miaka minne ili nirudi kuchora chapati? Na wasiposema lolote, je, hiyo haitakuwa mbaya zaidi? Chini ya kitanda changu kuna madaftari kumi na moja yaliyojaa michoro ya vyakula nilivyovipenda, tangu githeri ya bweni hadi parachichi nililokula jana kwa chumvi. Hakuna mtu aliyewahi kuyafungua. Ukuta, tofauti na daftari, haufungiki.

Ukuta huo tunafahamiana tangu nikiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka huo mama alipata kazi katika shamba la mboga Timau, na kwa kuwa hapakuwa na wa kukaa nami likizo ndefu, nilipelekwa kwa Tata. Hoteli yake ilikuwa ya mabati, isipokuwa ukuta mmoja mrefu wa mawe ulioelekea njia ya mbuzi. Asubuhi moshi wa kuni ulijaa hadi kwenye paa, kisha ukapungua polepole na vyakula vikaanza kuonekana kimoja kimoja kama wageni wanaoingia. Kulikuwa na mukimo, mahindi na viazi vya Timau vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge hadi vikawa kijani kibichi kama shamba baada ya mvua. Kulikuwa na njahi, maharagwe meusi ambayo kila punje ina mstari mweupe ubavuni. Kulikuwa na chapati, na uji wa wimbi uliochachushwa ndani ya kibuyu, mchungu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja. Siku ya soko kila aliyeingia aliuliza, "Kuna nini leo?" na Tata aliwatajia vyote, tangu alfajiri, hadi saa sita sauti ikawa imekwisha. Alikuwa amenunua ubao na chaki, lakini ubao uliwafaa walimu tu. Wengi wa wateja wake walikuwa watu wa mifugo ambao hawakuwahi kukaa darasani. Asubuhi moja, akiwa hana sauti kabisa, alinikuta nikichora kwa kaa juu ya gunia la unga. Nilingoja kofi. Badala yake alininyooshea kidole, kisha akakielekeza ukutani.

"Chora kila kitu," alinong'ona. "Waangalie wenyewe. Mimi nimechoka kuimba."

Sikuwa na rangi, kwa hiyo nilichora chakula kwa chakula. Mukimo niliuchora kwa kusugua majani ya malenge kwenye chokaa, njahi kwa kaa, chai kwa masalio ya majani yake, na chapati kwa manjano iliyochanganywa na maji. Ukuta ulinukia. Siku ya soko iliyofuata mbuzi mmoja aliiacha njia, akasogea, akaramba mukimo wote hadi likabaki jiwe tupu. Mwenye mbuzi alikuwa Mzee M'Ikiara, dalali mwenye kofia ya manyoya ambaye alizungumza na kila mtu kama anayepatana bei. Alicheka hadi akashika goti.

"Tazameni!" akawaita wenzake. "Huyu hajaingia shule hata siku moja, lakini mukimo ameusoma!"

Siku nzima watu walikuja kuutazama ukuta, nami nilisimama pale nikijifanya ninafagia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji, nilitia nyama. Sahani ya Tata ilikuwa na kipande kimoja cha nyama juu ya mukimo. Nilipourudia mchoro ulioliwa na mbuzi, niliweka vipande vitatu kwa udongo mwekundu, nikavipaka chokaa pembeni ili mafuta yang'ae. Sikuona kwamba ninadanganya. Hivyo ndivyo sahani ile ilivyokuwa ikionekana kichwani mwangu kila nilipongoja zamu yangu ya kula.

Siku ya soko ilipofika tena, M'Ikiara alipewa sahani yake. Hakuketi. Aliibeba hadi ukutani, akaiinua karibu na ile iliyochorwa, akatazama hii, akatazama ile.

"Karimi! Na wale wengine wawili wameenda wapi?"

"Wawili gani, mzee?"

"Nyama! Ukutani ziko tatu. Hapa kuna moja, na hiyo moja ni mfupa uliovaa koti."

Benchi zote ziliangua kicheko, na watu watano au sita wakainua sahani zao pia. Tata alifuta mikono kwa leso. "Mzee, hiyo ni picha tu."

"Picha?" M'Ikiara hakuwa akicheka tena. "Mimi nikikuonyesha mbuzi wa miguu minne, utapeleka nyumbani miguu minne. Ama nimewahi kukupa wa miguu miwili nikasema ile mingine ilikuwa picha?"

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, nikiona mambo yote yatakayofuata: ukuta utaoshwa, nitarudishwa Timau, na Tata ataitwa mwongo katika soko zima kwa sababu yangu. Tata aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akatoka na sufuria, akapita kwenye kila sahani iliyoinuliwa na kuongeza vipande viwili viwili. Jioni hiyo sisi tulikula mukimo mtupu. Nilingoja anigombeze, lakini alimaliza kula kwanza.

"Kendi," akasema, "wewe ulichora njaa yako. Mimi ninauza chakula."

Hakuufuta ukuta, ila kuanzia kesho yake alinipa sharti. Kila asubuhi aliniwekea sahani moja mezani, nami sikuruhusiwa kula kabla ya kuichora kama ilivyo. Siku za kwanza nilichora haraka kwa sababu ya njaa, naye aliutazama mchoro, akatikisa kichwa, na chapati ikazidi kupoa. Macho hayana pazia, lakini nadhani yangu yalikuwa nalo, na likizo ile lilifunguka. Niligundua kwamba hakuna chapati mbili zenye madoa sawa. Niliona utando mwembamba juu ya chai ya maziwa unavyojikunja ukipulizwa, na ukoko wa mukimo unavyoacha duara la kahawia mahali ulipoegemea sufuria. Kile kipande kimoja cha nyama, nilipokitazama vizuri, kilikuwa na mstari wa mafuta, kamba ya msuli, na mchuzi uliokusanyika chini yake kama kidimbwi. Kilitosha kabisa kuwa picha. Na chakula kilichotazamwa kwa nusu saa, hata kikiwa baridi, kilikuwa na utamu ambao sikuupata katika vile vitatu vya kubuni. Kila siku ya soko M'Ikiara aliendelea kukagua. Alipima sahani yake na ukuta, akasema, "Zimelingana," kisha akaketi kula. Hakuna mtahini wa chuo aliyewahi kunipa alama iliyonifurahisha kama neno lile.

Mvua iliufuta ukuta ule miaka mingi iliyopita, nami nikahamia kwenye madaftari, ambako hakuna anayekuja na sahani kukagua. Hapo ndipo nilipopata jibu, siku ya nne ya harufu ya kitunguu. Nilikuwa nimejiambia ninaogopa kusemwa. Kwa kweli nilikuwa nimeuzoea ukaguzi wa mtu mmoja tu, yaani mimi, na mimi huwa sisemi kamwe kwamba zimelingana. Nikaandika, "Nakuja," nikatuma, nikaisukuma simu chini ya godoro nisije nikaufuta ujumbe. Asubuhi nilinunua makopo matano ya rangi, nikaenda Ruiri.

"Umekonda," Tata alisema badala ya salamu. "Kula kwanza."

"Hapana, Tata. Nichore kwanza."

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Siku hizi hoteli yake ina vigae na jiko la gesi, na sauti yake imepungua kuliko zamani. Rangi ya kopo hainukii malenge. Mbuzi wa leo wanapita ukuta wangu bila hata kugeuka. Lakini kipande cha nyama bado ni kimoja, na nilikichora kimoja mbele ya watu waliosimama na kutoa maoni ambayo sikuwaomba. Yupo aliyeuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Nilisema ndiyo, nikashangaa kwamba dunia haikuanguka.

Karibu na saa tano alikuja Mzee M'Ikiara, kwa fimbo, kofia ile ile, meno yakiwa yamebaki machache. Alikagua mukimo, akakagua chapati. Siku hizi hali nyama. Alikuwa na kikombe cha uji mkononi, akinywa taratibu.

"Na uji? Mbona uji haupo?"

Sikuwa nimeupanga, wala sikuwa nimeujaribu daftarini. Kikombe kilikuwa kimefika nusu. "Ngoja, mzee, usimalize!"

"Basi chora haraka, kaana," akasema, kana kwamba bado mimi ni mtoto. "Mimi nina kiu."

Nilichora kama ninayekimbizwa: kikombe, mkunjo wa povu, alama ya mdomo wake ukingoni, uji hadi nusu. Nilipogeuka alikuwa ameumaliza. Akakiinua kikombe kitupu karibu na ukuta, akatazama hiki, akatazama kile.

"Karimi!" akaita. "Ukutani uji bado upo. Niletee hadi pale."

Tata akatoka na kibuyu, akautazama ukuta, akamimina hadi pale pale.