Jogoo Aliyetangulia Kupanda

Gaspar, karani wa shule na mkazi wa Mwananyamala, alikuwa mtu wa kujipitia zake tu. Maisha yake yote aliwashangaza majirani mara moja: siku alipouza gari lake la zamani, lililokuwa likikohoa mtaa mzima, akaja na kigari cha umeme, mtumba, rangi ya maziwa.

Basi amani ikaisha. Kinyozi, maswali. Kanisani, maswali, tena ule wakati wa kutakiana amani. Na Mwinshehe, muuza chipsi wa mbele ya geti, alijipa uprofesa wa mambo hayo.

"Braza, mie nakwambia kwa sababu nakupenda. Siku ukikanyaga dimbwi, umekaangika."

"Betri imezibwa, Mwinshehe. Si unanionaga naliosha hapa kila Jumamosi?"

"Hayo ya bomba. Maji ya mvua yana radi ndani yake!"

Mwinshehe alikuwa rahisi, kwa sababu rafiki unaweza kumwambia acha ujinga wako, mkacheka. Kasheshe ilikuja na mama mkwe.

Mama Rosalia alishuka kutoka Muleba na kopo la senene wa kukaanga, goti bovu, na nadhiri. Alipougua mwaka jana alimwahidi Mungu kwamba akipona atakwenda kuhiji Pugu. Alipona. Ngazi za basi la parokia goti lilikuwa limezikataa, na Gaspar, kwenye simu, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa amesema: "Njoo tu mama, mimi nitakupeleka." Asipompeleka, nadhiri ya mama wa watu imevunjika, na Muleba nzima itajua aliyeivunja ni nani.

Mama Rosalia aliliona gari, akasema hapandi.

Sasa elewa jambo hili. Kwa malezi ya Gaspar, mkwe habishani na mama mkwe. Humsalimu akiwa ameinamisha kichwa, na penye ubishi maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Mtu huyo alikuwa Auleria, mke wa Gaspar. Alibeba maneno jikoni, akayarudisha sebuleni, mpaka akachoka. "Mie siyo simu! Ongeeni na jogoo!"

Naye jogoo alikuwepo, kafungwa kamba kibarazani. Gaspar alikuwa amemnunua Vingunguti ili achinjwe kwa heshima ya mgeni.

"Jogoo wewe," Mama Rosalia akaanza, akichambua mchicha, "hivi umeme ukikatika hapa nyumbani na sisi tuko njiani, si tutasimama katikati ya malori?"

Gaspar alikuwa pale pale, akijifanya anafunga kamba za viatu. "Jogoo, simu ya mama ikishajaa chaji, umeme ukikatika inazima? Gari nalo linatembea na umeme wake ndani."

"Mwambie simu haipandi mlima wa Pugu."

"Mwambie hili linapanda vizuri kuliko lile la zamani. Na likiteremka linajichaji kidogo lenyewe."

"Usimsikilize, jogoo! Tangu lini kitu kikateremka mlima kikashiba? Halafu mbona halilii? Kitu kikubwa vile kinapita kimya, ee waitu, kinaficha nini?"

Jogoo akawika, na kila mmoja akaona ametetewa yeye. Ikawa hivyo kila siku. Auleria alishika kisu mara kadhaa, lakini kila akimwendea yule ndege anakuta mmoja wao bado hajamaliza kumjibu mwenzake.

Asubuhi ya hija, Auleria alikuwa ametangulia na kwaya. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mtaa wote ni madimbwi. Mama Rosalia alitoka chumbani na kitenge chake cha Bikira Maria, rozari mkononi, nusu ameshakubali. Mara, puu, umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Akaitazama mpaka ikatulia kabisa, kisha akaenda kukaa kibarazani.

"Umeona mwenyewe, jogoo. Nadhiri yangu nitaimalizia hapa hapa."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Gaspar alimwona, na roho ikamuuma. Siku zote alidhani ni ukaidi, kumbe mama wa watu anaogopa kweli. Naye hata kumwambia "usiogope, mama" ulimi haukuwa na ruhusa.

Akamfungua jogoo kamba, akambeba, akamkalisha kiti cha mbele na kumfunga mkanda. Akatoka getini taratibu, akaliingiza gari kwenye dimbwi. Mwinshehe aliacha karai lake, akafumba macho. Gari likapita, likaenda mpaka mwisho wa mtaa, likageuza, likarudi kwenye dimbwi lile lile. Jogoo alishushwa akiwa na hasira, lakini mzima.

Mama Rosalia akampokea. Alimpuliza manyoya, akamtazama miguu, akamnusa. "Hanuki moshi," akasema, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa mabuti ya mvua ya Auleria chini ya kitenge. Mwinshehe alikuwa amemnong'oneza kwamba raba haipitishi umeme.

Jogoo akabaki nyumbani. Ndipo Gaspar, huku wakiipita Gongo la Mboto, alipogundua balaa jipya: wako wawili tu, na hakuna wa kumpitishia neno. Lile gari la zamani lingewasaidia kwa kelele. Hili lilinyamaza kabisa. Alisikia punje za rozari zikigongana.

Walipanda kilima cha Pugu bila shida. Karibu na juu, rozari ikasimama.

"Gaspar."

Tangu amwoe Auleria hakuwahi kuitwa jina lake na mwanamke huyu. Nusura aache barabara.

"Naam, mama."

"Marehemu baba yake Auleria alikuwa na pikipiki. Alinipeleka kila mahali, lakini njiani, kwa kelele zake, hatukusikilizana hata neno. Tulikuwa tunashuka kwanza, ndiyo tuongee." Akakipapasa kiti. "Angelipenda gari hili."

 Machozi yalimlenga Gaspar, akasingizia vumbi, siku ile iliyolowa chapachapa.

Huko Pugu, baada ya sala, mahujaji walilizunguka gari. Mama mmoja akauliza: je, umeme ukikatika? Mama Rosalia, ndani ya mabuti yake, akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, simu yako umeme ukikatika inazima? Msiwe mnaongea vitu msivyovijua!"

Kesho yake Gaspar alinoa kisu. Heshima ya mgeni ilikuwa imechelewa mno. Alipomkamata jogoo, Mama Rosalia akajitokeza mlangoni.

"Gaspar, muache huyo."

"Lakini mama, ni wako. Nilikununulia wewe."

"Najua. Siku ukiniudhi, nitakusema kwa nani?"